Kansas, kura za mamluki na vita vya Marekani

Ukimuuliza mtu kwa nini Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, atakujibu haraka: Kaskazini walitaka kuwakomboa watumwa, Kusini wakakataa. Si uongo, lakini kuna kitu kimerukwa hapo. Wanasiasa wakubwa wa Kaskazini, Abraham Lincoln akiwemo, walisema waziwazi kwamba hawana mpango wa kuugusa utumwa pale ulipokuwepo tayari. Walichogombania ni ardhi mpya za magharibi. Je, bwana shamba wa Kusini aruhusiwe kuhamia huko na watumwa wake, au la?

Na ardhi yenyewe haikuwa kidogo. Mwaka 1803 waliinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, na nchi ikawa karibu mara mbili. Mwaka 1848, baada ya kuipiga Meksiko, wakachukua California na eneo kubwa la jirani. (Wenyeji waliokuwa wakiishi huko kabla yao hakuna aliyewauliza, hiyo ni makala nyingine kabisa.)

Kwa nini Kusini waling'ang'ania? Kwanza pamba. Pamba inachosha udongo, mkulima anataka shamba jipya kila mara, na shamba jipya linataka watu wa kulima. Majimbo ya zamani kama Virginia yakawa yanauza binadamu kwenda kwenye mashamba hayo, watu wapatao milioni moja kabla ya vita, mama huku na mtoto kule. Msidhani Kaskazini mikono yao ilikuwa safi. Viwanda vya Massachusetts vilifuma vitambaa kwa pamba hiyo hiyo, na vingine vikaletwa kwa meli mpaka Unguja. Ile "merikani" waliyovaa mababu zetu ililimwa na watumwa.

Pili ni hesabu za bungeni. Kila jimbo lina maseneta wawili, liwe dogo liwe kubwa. Mwaka 1819 majimbo yalikuwa 22: 11 ya utumwa na 11 yasiyo na utumwa. Ngoma droo. Missouri ilipobisha hodi ikitaka kuingia na watumwa, bunge zima likawaka moto. Mwaka 1820 wakapatana: Missouri iingie na utumwa, Maine iingie bila utumwa, halafu ukachorwa mstari kwenda magharibi. Juu ya mstari huo, ukiacha Missouri yenyewe, utumwa marufuku.

Dawa hiyo ilituliza maumivu kwa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1850 California ikaingia bila utumwa, na Kusini wakapozwa kwa sheria kali ya kuwasaka watumwa waliotoroka. Hebu isome sheria hiyo uone: mtu mweusi akikamatwa, hata kule Kaskazini, hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kamishna aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha utumwani, na dola 5 akimwachia!

Halafu akaja Stephen Douglas, seneta wa Illinois, aliyekuwa na hamu ya kupitisha reli magharibi. Mwaka 1854 akafanikisha sheria ya Kansas na Nebraska. Ule mstari wa 1820 ukafutwa, eti wakazi wenyewe wapige kura waamue kama wanataka utumwa. Kwenye karatasi ni demokrasia tupu. Lakini Kansas imepakana na Missouri. Siku ya uchaguzi, Machi 1855, maelfu ya watu wa Missouri walivuka mpaka wakiwa na bunduki, wakapiga kura, wakarudi kwao. Wapiga kura halali walikuwa 2,905. Kura zilizohesabiwa zilizidi 6,000. Wasomaji wa hapa nadhani hawahitaji kufafanuliwa maana ya mamluki.

Wapinzani wakaunda serikali yao. Mei 1856 mji wao wa Lawrence ukavamiwa na kuchomwa. Kesho yake, ndani ya Seneti, mbunge Preston Brooks wa South Carolina akamcharaza bakora seneta Charles Sumner mpaka akazimia, kisa hotuba kuhusu Kansas. Siku chache baadaye John Brown na wenzake wakawatoa wanaume watano wa upande wa utumwa majumbani mwao usiku na kuwaua.

Jambo moja linanikera watu wanapolisimulia hili kama hadithi ya wema na wabaya. Wengi wa hao wapinga utumwa wa Kansas hawakuwataka watu weusi kabisa. Walipopigia kura katiba yao mwaka 1855, wakapitisha pia kwamba weusi walio huru wasiruhusiwe kuhamia. Oregon nayo iliingia mwaka 1859 na katiba yenye katazo kama hilo. Mzungu maskini aliogopa kushindana na kazi ya bure.

Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ikamwaga petroli. Dred Scott, mtumwa aliyewahi kuishi na bwana wake kwenye maeneo yasiyo na utumwa, alidai uhuru wake. Majaji saba dhidi ya wawili wakasema mtu mweusi hawezi kuwa raia, na Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa kwenye maeneo ambayo bado si majimbo.

Sasa Kusini walikuwa wameshinda mahakamani, lakini mwaka 1860 Lincoln akashinda urais kwa ahadi ya kutoruhusu utumwa usogee magharibi. Majimbo ya Kusini yakaanza kujitoa, moja baada ya jingine. Januari 21, 1861, maseneta wa Mississippi, Alabama na Florida waliaga na kuondoka Seneti. Siku hiyo hiyo, waliobaki wakapiga kura kuipokea Kansas kama jimbo lisilo na utumwa.