Sindano ya kupunguza mwili: nani anakupimia dozi?

Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Austria ilitangaza kwamba watu kadhaa wamelazwa hospitalini baada ya kujidunga kalamu walizoamini ni Ozempic, sindano ya kisukari aina ya pili ambayo siku hizi inasifika zaidi kwa kupunguza mwili. Sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya, na kuna walioshikwa na degedege. Semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic, ni nadra kumfikisha mtu huko ikiwa peke yake, kwa sababu huchochea kongosho kutoa insulini pale tu sukari inapopanda. Dalili zile ziliashiria kwamba kalamu zilikuwa na insulini. Juni mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani nalo likatoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani.

Ni rahisi kukisoma kisa hicho kama habari ya matapeli, ukajiambia kwamba ukipata dawa halisi umesalimika. Sidhani hivyo. Usalama wa dawa hizi haumo ndani ya kalamu pekee. Umo pia katika mwili unaodungwa, kiwango kinachodungwa na mtu anayefuatilia. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 ulioipa semaglutaidi sifa yake ulihusisha watu 1,961 wenye BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ya 30 na kuendelea, au 27 wakiwa tayari na maradhi yatokanayo na uzito. Waliopewa dawa hiyo walianzishiwa miligramu 0.25 kwa wiki, wakapandishwa polepole kwa wiki 16 hadi miligramu 2.4, huku wakipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Baada ya wiki 68 walikuwa wamepungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito. Haya ni mafanikio makubwa, na anayeyabeza hawatendei haki wanaoumwa. Ila ni matokeo ya watu wale, kwa utaratibu ule. Msichana mwenye kilo tano za kumkera anayeagiza dawa hiyo kupitia Instagram hana hata robo ya ushahidi huo wa kumtetea.

Tuanze na dozi. Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu wagonjwa waliojidunga semaglutaidi ya kuchanganywa famasi, inayouzwa kwenye vichupa, kwa kiwango cha mara 5 hadi 20 ya walichoandikiwa. Kosa lenyewe ni dogo mno. Bomba la insulini limechorwa mistari ya yuniti, mia moja kwa kila mililita, ilhali dozi imetajwa kwa miligramu. Ikiwa kila mililita ya kichupa ina miligramu 5, dozi ya kuanzia ya miligramu 0.25 ni yuniti 5 tu, yaani kama tone moja. Anayevuta hadi 25 kwa kuwa ameona tarakimu hizo kwenye maelekezo amejidunga mara tano. Na hakuna cha kurudisha nyuma: dawa hii huchukua takriban wiki nzima kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kutapika na kuishiwa maji kunaweza kwenda siku kadhaa.

Hata dozi ikiwa sahihi, dawa ina mambo yake. Kichefuchefu na kuharisha ni vya kawaida. Kuvimba kongosho na mawe kwenye kifuko cha nyongo si vya kila siku, lakini vinajulikana. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha tatizo la neva ya jicho linaloweza kuleta upofu, ingawa ni nadra sana, pengine mtu mmoja kati ya 10,000. Kwa kuwa chakula hukawia tumboni, anayepewa nusu kaputi anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni; daktari wa usingizi asipoambiwa, atajuaje? Mounjaro, sindano nyingine ya aina hii, nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo muuzaji wa mtandaoni hana sababu ya kulitaja. Kisha kuna misuli. Washiriki wachache wa utafiti wa 2021 waliopimwa mwili kwa mashine walionekana kupoteza takriban kilo nne za misuli na tishu nyingine zisizo mafuta katika kila kilo kumi zilizowatoka. Mwenye kilo 120 huenda akalimudu hilo. Mwenye 62, tena mwenye umri mkubwa, anajikata mahali pasipo na ziada.

Wapo watakaosema Shirika la Afya Duniani lenyewe limeziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2025. Ni kweli, kwa wenye kisukari aina ya pili walio pia na unene na maradhi ya moyo au figo. Watataja pia utafiti wa watu 17,604 ulioonyesha mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikijumlishwa pamoja, vikipungua kwa asilimia 20. Nao ni kweli, na kila mshiriki alikuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa. Hatari ya asilimia ndogo hubebeka pale faida inapokuwa uhai. Faida ikiwa ni gauni la harusi, hesabu inageuka.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba unene ni ugonjwa, na mgonjwa wa presha hasimangwi kwa kunywa dawa maisha yake yote. Nakubali. Waliosimamisha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja, sawa na presha inavyorudi dawa ikiachwa. Lakini mgonjwa wa presha ana kliniki, ana kadi, anapimwa, na dawa ikimkataa hubadilishiwa. Anayenunua kalamu mbili kwa WhatsApp, zilizosafirishwa bila barafu ilhali kabla ya kufunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, ana namba ya simu ya muuzaji tu.