Kabla Turubai Halijafungwa

Katika familia zetu haupiti mwezi bila turubai. Leo ni kipaimara cha mtoto, wiki ijayo ni harusi ya binti wa jirani, na katikati yake unatokea msiba ambao hakuna aliyeupanga. Hapa Musoma, turubai likionekana mbele ya nyumba, watu hawaulizi kama kuna jambo; huuliza ni jambo gani. Aghalabu ni sisi akina mama tunaohesabu viti, kupima mchele na kuzunguka kwa majirani kuazima sufuria kubwa. Liko jambo moja tunalowaachia wengine, au tunaliacha lijiendee lenyewe, nalo ni ruhusa ya mahali.

Turubai ni jengo, hata kama ni la siku moja. Lina nguzo, kamba na paa, na chini yake wanaketi wazee na watoto. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mjenzi wa nyumba aliagizwa aweke kizuizi juu ya paa lake, kusudi mgeni akianguka lawama isimpate mwenye nyumba. Aliyealika ndiye anayewajibika kwa usalama wa aliyealikwa. Kibali tunachokifuata ofisini ni sehemu ya wajibu huo, ingawa mara nyingi tunakiona kama usumbufu.

Unaanzia wapi?

Unaanzia karibu na nyumbani. Katika Manispaa ya Musoma na katika Mji wa Bunda, mtu wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata. Huko Butiama, ambako sehemu kubwa ni vijiji, utamwona mwenyekiti wa kitongoji na wale wa serikali ya kijiji. Tofauti hii si ya majina tu. Ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa hiyo kiwanja cha wazi unachokiona kama hakina mwenyewe, kina wenyewe.

Andika barua fupi. Taja jina lako, aina ya shughuli, mahali, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, idadi ya watu mnaowatarajia, na kama kutakuwa na muziki. Si lazima iandikwe na baba wa nyumba. Nimewaona akina mama wakisubiri siku tatu mume arudi safari ili atie sahihi, wakati barua ile mama mwenyewe angeweza kuisaini na kuipeleka asubuhi ileile.

Kama uwanja ni mali ya halmashauri, barua huandikwa kwa Mkurugenzi na kupitia kwa mtendaji wa kata. Uwanja wa shule ya msingi, pitia kwa mwalimu mkuu. Ada hutegemea sheria ndogo za kila halmashauri, hivyo anayekuambia kiasi cha Bunda kwamba ndicho cha Musoma anakisia tu. Uliza, upewe namba ya malipo, ulipe, na risiti uiweke pamoja na kibali. Fedha isiyo na risiti si ada. Ukidaiwa fedha ya namna hiyo, simu ya TAKUKURU ni 113, nayo ni ya bure.

Msiba ni kitu kingine. Hakuna mwenyekiti mwenye utu atakayedai barua kabla wafiwa hawajapata kivuli. Hata hivyo mtume kijana akatoe taarifa mapema, maana waombolezaji watalala hapo siku kadhaa.

Barabara si ua wetu

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Nyua zetu ni ndogo, na turubai linasogea hadi katikati ya njia. Fikiria sasa mama wa nyumba ya tano ameshikwa na uchungu saa nne usiku. Gari limekuja kumchukua, likakuta viti mia mbili na spika mbili refu kama mtu. Huyo mama hakualikwa kwenye sherehe, lakini sherehe imemfungia njia ya hospitali. Kwa maoni yangu, hakuna keki inayostahili gharama hiyo.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kufunga njia kunahitaji kibali chao, na polisi wajue. Na hata mkikubaliwa, acheni upande mmoja gari liweze kupita. Barabara kuu ya kutoka Mwanza kupitia Bunda hadi Musoma na Sirari ni ya TANROADS, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndugu zetu wa Bunda wenye nyumba kandokando ya lami wapime kwanza. Malori hupita pale usiku kucha, na mtoto akifukuza puto hamwangalii dereva.

Kuhusu muziki, zipo kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Hazibagui: spika ya kwaya na ya disko ni spika tu.

Mikutano ya injili na makambi

Shughuli ya familia ni ya walioalikwa. Mkutano wa injili, au makambi ya juma zima, ni ya kila anayepita. Kwa mkusanyiko wa mahali pa wazi, mkuu wa polisi wa eneo apewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Mwone pia afisa afya kuhusu vyoo, maji ya kunawa na chakula. Tusisahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani.

Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Walikuwa wamekuja kuomba, wakakimbilia mahali pamoja ili wakanyage mafuta yaliyoombewa. Wakaguzi wanapouliza milango ya kutokea iko mingapi na ina upana gani, hawapingi ibada. Akina mama wa kamati waulize swali hilo kabla yao.

Upepo wa ziwa

Musoma umejengwa kwenye rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Victoria, na upepo wa alasiri tunaujua. Turubai lililofungwa pande zote hugeuka tanga la mtumbwi. Ardhi yetu nayo ina mawe, kama vilima vya Butiama vinavyoonyesha, na vigingi haviingii. Mwenye maturubai asikwambie kwamba tofali mbili zinatosha. Pipa la lita 200 lililojaa maji lina uzito wa kilo 200, na kamba ikifungwa hapo inashika.

Kabla nguzo haijasimamishwa, mtu aangalie juu. Nguzo ya chuma na waya wa umeme vikigusana hakuna wa kusimulia. Majiko yawe mbali na turubai, upande ambao moshi na cheche hazielekei kwa wageni. Namba ya Zimamoto ni 114. Radi zikianza, wageni waingie nyumbani au kanisani, wasijibanze kwenye nguzo.

Wanaopanga jambo Butiama wakumbuke kwamba Oktoba 14 ni siku ya Mwalimu Nyerere, na wageni huenda kwenye kaburi lake Mwitongo. Peleka barua mapema zaidi katika juma hilo.

Mkimaliza, fungueni turubai asubuhi yake. Vigingi ving'olewe vyote na mashimo yafukiwe, maana kigingi kilichobaki njiani hutoboa tairi ya baiskeli au mguu wa mtoto. Turubai likiwa limelowa lianikwe kwanza, ndipo likunjwe na kurudishwa kwa mwenyewe.