Diploma iko mkononi, mashini inangoja: enjenieri kijana wa Kaniama na kazi ya kwanza

Waya ya umeme ya reli inakomea Kamina. Wanaosafiri na treni wanajua: kutoka pale ni mashini ya mazutu ndiyo inavuta kuelekea Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu, mpaka Ilebo. Reli yenyewe ilifika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, mwaka 1928. Waya ilikuja nyuma, miaka ya 1950, ikitoka upande wa migodi, na haikupita Kamina. Basi mtoto wa Kaniama anakua akisikia sauti ya mazutu: ya treni, ya kinu cha mahindi, ya matrakta ya Service National kule Kaniama-Kasese. Si ajabu wengine wao wanakwenda kusoma mashini.

Tulimkuta mmoja amelala chini ya kinu cha mama jirani, mikono nyeusi na gresi. Jina lake hataki liandikwe, nasi tumekubali. Baba yake alifanya kazi ya mugodi Kolwezi. Yeye mwenyewe alisoma elektromekanike pale Polytechnique ya Université de Lubumbashi, akamaliza mpaka mwisho. Sasa ni mwaka mzima yuko nyumbani.

Mama yake ndiye aliyetueleza uchungu wa jambo hili. "Tuliuzisha mahindi, mifuko na mifuko. Tukauzisha na mbuzi. Leo batu banapita hapa banauliza: Mama enjenieri, mutoto anaanza kazi siku gani? Mi niko nabajibia nini?"

Ninyi wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi, Fungurume, swali hili mnalijua. Mzazi aliyechimba chini ya ardhi miaka ishirini anataka mtoto asiingie shimoni na nyundo, aingie na kalamu. Mtoto anarudi na kalamu, na mlango haufunguki. Hapo ndipo maneno yanaanza: alipoteza wakati, hakusoma vizuri, amelogwa.

Kwanza tuondoe fujo moja ya majina, maana inawasumbua wazazi wengi. Zamani mtu aliyemaliza licence alikuwa amefanya miaka mitano ya chuo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika LMD: licence ni miaka 3, master miaka 2, doctorat miaka 3. Kwa hiyo licence ya leo si licence ya baba. Mtoto akiandika barua ya kuomba kazi, aandike wazi miaka aliyosoma na kile alichosomea, asitegemee neno moja tu.

Sasa kazi yenyewe. Tulizungumza na mkubwa mmoja wa atelye ya mugodi, mtu wa Kolwezi anayepokea vijana kila mwaka. Alicheka tulipomuuliza kama anaangalia pointi za chuo. "Pointi naziangalia, ndiyo. Lakini mi naweka rulema moja yenye ilikufa juu ya meza. Namuambia: hii ilikufa sababu gani? Wengi banasema tu, ilizeeka. Ule namurudisha."

Rulema, kwa asiyejua, ni kile chuma cha duara chenye tembe ndani, kinachobeba shafti inapozunguka. Kila pompi inayo, kila mukanda wa kubeba mawe unayo, kila motere. Na haifi bure. Inaweza kufa kwa kukosa gresi, ao kwa gresi nyingi kupita kiasi mpaka ikapata joto. Vumbi la mugodi likiingia inakwaruzika, maji yakiingia inashika kutu. Na mara nyingi sana inakufa kwa sababu motere na pompi haziko mstari mmoja. Kila namna ya kufa inaacha alama yake juu ya chuma. Enjenieri ni yule anayesoma alama hiyo na kuondoa sababu. Kubadilisha kipande tu, hata kijana wa garaji anajua.

Hapo tukarudi kwa kijana wetu na kile kinu. Yule mama mwenye kinu alikuwa amenunua rulema tatu tangu mvua zianze, kila moja inalia baada ya wiki chache. Kijana hakununua ya nne. Alichukua uzi, akaunyoosha kutoka gurudumu la motere mpaka gurudumu la kinu. Uzi ukaonyesha: motere ilikuwa imekaa upande, unene wa kidole hivi, na mukanda ulikuwa umekazwa kama kamba ya ngoma. Akalegeza misumari ya chini, akasogeza, akapima tena. Kinu kinasaga sasa, na rulema ukiigusa haichomi mkono. Yote ameyaandika katika daftari: tarehe, kilichoonekana, kilichofanywa.

Tulipomsimulia yule mkubwa wa Kolwezi, alinyamaza kidogo. "Alete ile kaye," akasema. "Ile njo barua yake ya kuomba kazi."

Msidhani ni mambo madogo. Kipushi, mugodi uliofungwa mwaka 1993, ulibaki na watu wa kuulinda na pompi za kutoa maji. Mwaka 2011 kituo kikubwa cha pompi chini kule kikaharibika, maji yakapanda na kufunika vyumba vya chini. Ilichukua miaka kuyatoa, na madini hayakuanza kutoka tena mpaka 2024. Mawe yalikuwa yale yale, utajiri ule ule. Pompi zilisimama tu.

Kuna na jambo lingine ambalo hatuwezi kuwalaumia vijana. Zamani aliyetoka chuo alikabidhiwa kwa fundi mzee, akamfuata kama kivuli. Mwaka 2003, Gécamines iliachisha wafanyakazi 10.655 katika ile tunayoita départs volontaires. Kati yao walikuwa mafundi waliojua sauti ya kila mashini. Walikwenda na akili yao, wengine mpaka vijijini. Ukiwa na mzee wa namna hiyo jirani, awe wa Gécamines ao wa reli, kaa karibu naye. Mpelekee chumvi. Muulize.

Staji ndiyo njia ya kawaida ya kuingia, na mara nyingi hailipi. Mtoto atalala kwa muyomba wake Kolwezi, atahitaji bukari na makuta ya kupanda wewa. Tunajua familia imechoka kutoa. Lakini tumeona wengi wakirudishwa nyumbani katikati ya staji kwa sababu wazazi walitaka mshahara mwezi wa kwanza, na kwetu sisi hilo ni kosa: hiyo miezi ihesabiwe pamoja na ada ya chuo. Asiye na staji anaweza kuuliza INPP, kule wanafundisha mkono: kuunga chuma, kurekebisha motere. Enjenieri anayejua kuunga chuma hachekwi na mafundi wake. Na kwa kuwa migodi mingi iko mikononi mwa Wachina, kijana anayejua maneno mia ya Kichina anasikilizwa kabla ya mwenzake.

Kazi ikipatikana, mara nyingi itakuwa kwanza katika kampuni ndogo zinazopewa kipande cha kazi na kampuni kubwa. Hapo angalieni karatasi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema muda wa majaribio uandikwe, na usipite miezi 6 kwa mtu mwenye ufundi; kwa mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi usipite mwezi 1. Kontra ya muda haipiti miaka 2. Na anayeshikwa siku kwa siku, akifika siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Wengi wanaachwa wakiwa na siku 21. Basi hesabuni siku zenu, mziandike. Na mtu anayeomba dola ili "aingize" mtoto kazini, mwacheni apite. Tumesikia vilio vya kutosha.

Siku ya kuondoka kwetu, kijana alikuwa amepata simu: wanamuita kwa majaribio upande wa Fungurume. Treni haijulikani itapita lini, kwa hiyo anatafuta kamio inayoshuka. Mama yake alikuwa anafunga viazi vitamu katika kitambaa. Na yule mwenye kinu alisimama mlangoni, anataka aonyeshwe kwanza namna ya kupima na uzi.