Fahamu: Nani yumo hatarini zaidi kipindupindu kinapozuka?

Kipindupindu ni ugonjwa wa kuhara unaoenezwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye bakteria wa Vibrio cholerae. Asipotibiwa, mgonjwa mahututi anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini.

Mwili

Watoto wa chini ya miaka 5, hasa wenye utapiamlo, hudhoofika upesi. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. La kushangaza, wenye damu ya kundi O huugua vikali zaidi.

Makazi

Hata hivyo, makazi huamua mengi kuliko damu. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walijazana mjini Goma, ng'ambo ya mpaka, bila maji safi wala vyoo vya kutosha. Maelfu walikufa kwa kipindupindu katika wiki chache. Nyumbani, anayemuuguza mgonjwa na kumfulia nguo naye yumo hatarini.