Mtini wa chunguni: Biashara ya subira kwa wakulima wa Tabora

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Mkoa wa Tabora wamezoea mazao yanayopimwa kwa gunia, kwa ndoo au kwa kilo: tumbaku, karanga, mpunga, alizeti na asali. Ni wachache wanaofikiria kwamba mti usiozidi urefu wa mkono, uliooteshwa ndani ya chungu kifupi na kuwekwa juu ya meza ya ofisi, nao unaweza kuwa bidhaa ya kuuzwa.

Mti wa namna hiyo huitwa bonsai. Neno hilo ni la Kijapani na maana yake ni mmea uliopandwa katika chombo kipana kisicho na kina, ingawa ufundi wenyewe ulianzia China. Wengi hudhani bonsai ni aina ya mti yenye asili ya ufupi. Si kweli. Ni mti wa kawaida kabisa, ambao ukipandwa shambani ungekua mkubwa. Hubaki mdogo kwa sababu mizizi yake imepewa nafasi ndogo na matawi yake hupogolewa mara kwa mara.

Miti inayofaa zaidi kwa bonsai ya ndani ya nyumba ni ya jamii ya mtini, ambayo wataalamu huiita Ficus. Miti hiyo huvumilia kivuli kuliko mingi mingine, huota mizizi kwa urahisi na hupona haraka inapokatwa. Kwenye vitalu vya maua vya mijini unaopatikana sana ni Ficus benjamina, wenye majani madogo yanayong'aa na asili ya Asia. Lakini mkulima wa Tabora hana sababu ya kusafiri kutafuta mbegu, kwani jamii ya mtini ipo Afrika Mashariki tangu zamani. Mkuyu ni mmoja wao. Mwingine ni Ficus thonningii, ambao wakulima wa sehemu nyingi hupanda vipande vya matawi yake ili viote viwe uzio. Ndugu yake wa karibu, Ficus natalensis, ndio mutuba wa Uganda, ambao gome lake hutengenezwa nguo ya asili iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Kati ya hiyo, mkuyu haufai sana kwa chungu kidogo kwa sababu majani yake ni mapana. Mtini wenye majani madogo ndio unaopendeza.

Miti na biashara si wageni Tabora

Tabora ulikuwa mji wa biashara kabla ya reli ya kati kuufikia mwaka 1912. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara, nje kidogo ya Tabora ya leo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Ilibeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga, na kwa masikitiko makubwa ilihusisha pia biashara ya watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Alama inayoonekana hadi leo katika njia hiyo ni miembe mikubwa. Miembe hiyo inakumbusha jambo moja muhimu kwa mfanyabiashara: faida ya mti humfikia aliyesubiri. Bonsai haihitaji miaka mia moja, lakini nayo haina haraka. Hapo ndipo wengi wanaoingia katika biashara hii hukosea.

Muda ndio mtaji mkubwa

Thamani ya bonsai hutokana na shina. Mnunuzi hulipia mti mdogo unaoonekana wa kizee, wenye shina nene na mizizi iliyoshika udongo. Mche uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kufikia unene huo.

Mtini una njia ya mkato. Kwa kuwa tawi lake nene huweza kuota mizizi, mkulima anaweza kukata kipande chenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa sentimita 25 hadi 30, akakiotesha, na kupata shina nene tangu siku ya kwanza. Kazi inayobaki ni kukuza matawi na kuyapa umbo, ambayo huchukua takriban miaka miwili.

Kazi hii ifanyike kuelekea mvua za Novemba, wakati kuna joto na unyevu. Kipande kikishakatwa kiachwe kivulini kwa saa chache ili utomvu mweupe ukauke, kisha kipandwe kwenye mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa mfuko mweupe wa nailoni unaopitisha mwanga. Vipande vyembamba huchipua mizizi ndani ya wiki chache, lakini vinene huhitaji miezi kadhaa. Utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari machoni, hivyo mikono inawe mara baada ya kazi.

Vipande vichukuliwe kwenye miti ya shambani au ya uzio, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kung'oa miti katika misitu ya hifadhi bila kibali ni kosa la kisheria.

Udongo na chungu

Udongo wa shamba uliojazwa kwenye chungu kifupi hushikamana, hukosa hewa na kuozesha mizizi. Mchanganyiko mzuri unapatikana hapa hapa Tabora: sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mtoni, sehemu mbili za tofali la kuchoma lililopondwa hadi kufikia ukubwa wa punje za mahindi, na sehemu moja ya samadi au mboji iliyooza vizuri. Vyote vichekechwe na vumbi litupwe, kwani ndilo linaloziba njia za maji.

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Wafinyanzi wanaweza kuagizwa kutengeneza vyombo vifupi vyenye matundu na miguu midogo. Matundu yatobolewe kabla chungu hakijachomwa, kwa sababu kutoboa baadaye huvunja vingi. Mwagizaji anayechukua vingi kwa pamoja yuko katika nafasi nzuri ya kupunguziwa bei.

Matunzo ndani ya nyumba

Mwanga ndio chakula cha kwanza. Mti ukae karibu na dirisha, usiwe katikati ya sebule wala juu ya kabati lenye giza. Dirisha la mashariki ndilo bora kwa kuwa hupata jua la asubuhi lisilo kali. Pasipokuwapo, ikumbukwe kwamba Tabora iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi tano hivi: kati ya Mei na Agosti jua hupita upande wa kaskazini, na kuanzia Novemba hadi Januari hupita kusini. Dirisha lililokuwa na mwanga mwezi Juni linaweza kuwa na kivuli mwezi Desemba.

Maji yasitolewe kwa ratiba ya kalenda. Kidole kichomekwe kwenye udongo kwa kina cha sentimita mbili. Ukiwa bado na unyevu, mti uachwe. Ukianza kukauka, umwagiliwe mpaka maji yatoke chini, na yale yaliyotuama kwenye kisahani yamwagwe. Katika kiangazi cha Tabora, hasa Septemba na Oktoba, chungu kidogo kinaweza kuhitaji maji kila siku, na wakati wa mvua kikakaa siku tatu au nne.

Mbolea itolewe kidogo. Nyumba nyingi za wakulima wa tumbaku hubakiwa na NPK 10-18-24. Kijiko kimoja cha chai kilichoyeyushwa katika lita tano za maji kinatosha kumwagilia miti mingi mara moja kwa mwezi, wakati mti unachipua. Mti uliopukutisha majani usipewe mbolea hadi uchipue tena.

Kupogoa ni rahisi. Chipukizi likifikisha majani sita hadi manane, likatwe na kubakizwa mawili au matatu. Kwa njia hiyo matawi huongezeka na majani mapya huwa madogo. Waya wa kupindia matawi uwe laini, na utolewe kabla haujazama kwenye gome. Kila baada ya miaka miwili mti utolewe chunguni, theluthi moja ya mizizi ikatwe, na urudishwe katika udongo mpya.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni vidung'ata, wadudu gamba na utitiri. Wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na mti usuuzwe baadaye. Wapo wanaotumia maji yaliyolowekwa tumbaku. Njia hiyo haifai ndani ya nyumba, kwa kuwa nikotini ni sumu kali inayopenya hata kwenye ngozi, na watoto hushika kila kilicho mezani.

Kupukutisha majani

Malalamiko yanayoua biashara hii mapema ni ya mteja anayedai kwamba ameuziwa mti uliokufa. Mtini una tabia ya kudondosha majani unapohamishwa ghafla kutoka kwenye mwanga mwingi kwenda kwenye mwanga hafifu, au unapopigwa na upepo wa feni na kiyoyozi. Mteja akiona hivyo huongeza maji akidhani mti una kiu. Mizizi inaoza, na mti uliokuwa hai unakufa kweli.

Muuzaji makini huuzoesha mti kivulini kwa wiki tatu hadi nne kabla ya kuuza. Aidha, humpa mteja karatasi yenye maelekezo mafupi: uweke dirishani, usiuhamishe ovyo, pima udongo kwa kidole, usishtuke majani yakidondoka. Kama mti una uhai hugunduliwa kwa kukwangua gome kidogo kwa ukucha. Pakiwa na kijani chini yake, utachipua.

Hesabu kabla ya kuanza

Tuchukue mfano wa mkulima anayeotesha vipande 100 na kubakiwa na miti 40 yenye sura nzuri baada ya miaka miwili. Bei zilizopo hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za soko lake.

Mchanga, mifuko na usafirishaji: Sh40,000. Vyungu 40 kwa Sh3,000 kila kimoja: Sh120,000. Waya na mbolea: Sh40,000. Maji kwa miezi 24, Sh5,000 kila mwezi: Sh120,000. Kazi ya nusu saa kila siku kwa miaka miwili ni saa 365, sawa na siku 46 za kibarua. Kwa Sh6,000 kwa siku ni Sh276,000. Jumla ni Sh596,000.

Ukigawa kwa miti 40, kila mti umegharimu Sh14,900. Kuuza chini ya hapo ni kujipunja, hata kama fedha inaonekana mkononi. Miti 15 kati ya hiyo ikifa au kukosa mnunuzi, gharama ya kila mmoja wa 25 iliyobaki inapanda hadi Sh23,840. Kwa maneno mengine, hasara kubwa haisababishwi na bei ya chungu, bali na miti inayokufa.

Ikumbukwe pia kwamba karibu nusu ya gharama ni nguvu kazi. Wakulima wengi hawaihesabu, ndiyo maana huona faida mahali isipokuwepo.

Jambo la hatari zaidi ni mkopo. Marejesho ya vikundi na SACCOS huanza mapema, mara nyingi kila wiki au kila mwezi, wakati mti hauleti hata shilingi kwa miaka miwili. Anayekopa fedha za namna hiyo ili aoteshe bonsai atalazimika kuuza mahindi ya chakula, au mbuzi, kulipia mti usiokomaa. Biashara hii ianzwe kwa fedha ya mfukoni, pembeni ya kilimo kinacholisha familia, na kwa miti 10 au 20 ya kujifunzia.

Kukodisha badala ya kuuza

Ipo njia ya kupata fedha kila mwezi, nayo ni kukodisha. Hoteli, benki na ofisi hupenda mapambo yenye uhai lakini hazina mtu wa kuyatunza. Mwenye kitalu huweka miti miwili, huipitia kila wiki, na baada ya mwezi huirudisha kitaluni ipumzike kwenye mwanga huku akileta mingine. Mteja hulipia huduma, mti hubaki mali ya mwenyewe na thamani yake huzidi kuongezeka kila mwaka. Makubaliano yaandikwe: nani anamwagilia, na nani analipa mti ukivunjwa.

Soko la Tabora mjini pekee ni dogo, na mkulima asidanganywe kwamba kila nyumba itanunua. Lakini reli inayofuata sehemu kubwa ya njia ya misafara inafika Dodoma, ambako ofisi na nyumba mpya zimeongezeka sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Miti midogo husafiri vizuri ikifungwa ndani ya maboksi yenye matundu, udongo ukiwa na unyevu bila kulowa.

Kwa anayetaka kujaribu, hatua ya kwanza haihitaji zaidi ya panga, ndoo ya mchanga na ruhusa ya jirani mwenye mtini kwenye uzio. Akate vipande kumi mvua zinapokaribia, aandike tarehe na kila shilingi anayotumia. Mwisho wa mwaka daftari hilo litamweleza ni mingapi iliyopona kwa mikono yake mwenyewe, na kama inafaa kukata vipande mia.