Dakika Kumi kwa Kila Kikundi

Kwenye andiko la mradi, tamasha la muziki halina shida. Kuna jukwaa, spika, wanafunzi, wasanii waalikwa, mgeni rasmi, na ratiba inayokipa kila kikundi dakika kumi. Shida huanza andiko likishafika Ugogoni, nchi ya Wagogo wa Dodoma.

Mipango ya sanaa inayotoka juu ilianza zamani. Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, kikafuata kikundi cha ngoma cha taifa. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, aliitwa ajiunge na wasanii hao wa taifa. Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na mwaka uliofuata likaanza tamasha lake, wanafunzi wakionyesha walichojifunza mbele ya wageni. Sibezi matunda yake: zeze na marimba za Hukwe zilifika hadi majukwaa ya Ulaya. Lakini kijana wa Doduma aliyetaka kusomea rasmi zeze la babu yake alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 400 kuelekea pwani.

Tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino, mashariki mwa jiji la Dodoma, liligeuza safari hiyo. Mwanzilishi wake ni Dkt. Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Utafiti wake ulihusu namna watoto wa Kigogo wanavyorithishwa muziki, na mahali urithi huo unapokatikia. Kwenye tamasha hilo, wasomi na wageni ndio wanaofunga safari kwenda kijijini.

Huko kijijini, wa kwanza kupanga ratiba ni mvua. Ugogo ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo ni haba. Mfadhili ambaye mwaka wake wa fedha unamtaka atumie pesa Februari atawakuta watu shambani, wengine wakiwa na ghala tupu. Mtama na uwele ukishavunwa, ngoma hazihitaji kuhamasishwa.

Kisha kuna muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wanawake husimama wamebana ngoma kati ya mapaja, mmoja akianzisha, wengine wakiingia juu ya mapigo yake, kila mmoja na lake. Hapo mgeni mwalikwa ndiye mwanafunzi. Mpiga tarumbeta mwenye shahada, aliyezoea kumtazama kiongozi wa bendi, hutafuta pigo la kwanza liko wapi na halioni. Mama aliye mbele yake hajawahi kusoma nota hata moja. Ukimkatiza huyo mama dakika ya kumi, umeikata ngoma ndiyo kwanza inapata moto.

Hata fundi mitambo ana la kujifunza. Marimba ya Kigogo, ilimba, ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti iungurume kidogo. Asiyejua atahangaika na nyaya akidhani spika imepasuka, na akiufuta mngurumo huo atakuwa ameondoa nusu ya muziki.

Kwa maoni yangu bajeti za matamasha yetu zimekaa kichwa chini. Jukwaa na spika hula fungu kubwa, na lori la kuwatoa wanakikundi vijijini pamoja na ugali wao wa siku mbili hubaki kwenye “mengineyo”. Spika zikikosekana, muheme utasikika. Lori lisipofika, hakuna tamasha. Ripoti nazo huhesabu waliohudhuria. Mimi ningeomba zihesabu watoto waliorudi shuleni Jumatatu wakiwa na wimbo ambao Ijumaa hawakuwa nao, na bibi aliyewafundisha aandikwe kwenye orodha ya posho kama mwezeshaji, kwa kiwango kilekile cha mgeni aliyetoka chuoni.