Nani ampime mtoto wako kabla ya michezo ya shule?

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, mtoto huweza kurudi nyumbani na karatasi inayotaka sahihi. Mzazi atasaini, mwalimu wa michezo atasaini, na panapotakiwa mhuri wa daktari hutafutwa mtu mwenye mhuri. Je, kuna aliyesikiliza kifua cha mtoto huyo?

Jambo hili si dogo. Tarehe 26 Juni 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon, mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, akafariki. Uchunguzi wa maiti ulionesha kuwa misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi. Maradhi haya mara nyingi ni ya kurithi, na mwenye nayo anaweza kuonekana mzima kuliko wenzake wote.

Nchini Italia, tangu mwaka 1982, sheria inamtaka mwanamichezo wa mashindano apimwe na daktari wa tiba ya michezo, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Kwingine wanaruhusiwa hata watibabu wa kunyoosha uti wa mgongo. Hilo sisi tunaliona ni kulegeza mno.

Kwetu madaktari wa michezo ni wachache, na kungoja mmoja afike kila kata ni kujidanganya. Kwa hatua ya kwanza tabibu wa zahanati au kituo cha afya anatosha, mradi anajua kusikiliza moyo na hana haraka. Amsikilize mtoto akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, kwani mngurumo unaozidi anaposimama huweza kuashiria maradhi kama ya Foé. Apime shinikizo la damu, aulize kuhusu pumu na selimundu. Akitilia shaka asiandike kwamba mtoto ni mzima, bali atoe rufaa hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwalimu wa michezo asibebeshwe kazi hii hata awe mwema kiasi gani. Yeye anataka timu ishinde.

Sehemu kubwa ya uchunguzi ni maswali, na majibu unayo wewe mzazi. Amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Kifua kimewahi kumbana mchezoni? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 50? Na swali ambalo kwetu lina uzito zaidi kuliko Ulaya: aliwahi kuumwa koo, kisha baada ya wiki chache magoti na viwiko vikavimba kwa kupokezana? Hiyo huenda ikawa homa inayoharibu valvu za moyo polepole. Mtoto hawezi kueleza kifo cha ami yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo nenda naye.

Kwa binti, omba mhudumu mwanamke, au mama awepo chumbani. Moyo hausikiki vizuri juu ya baibui na ushungi, basi mpangeni stara mapema badala ya kuruka kipimo. Nendeni kama wiki sita kabla ya mashindano, ili ikihitajika rufaa muda uwepo.